Mbayuwayu wa kibarazani: kwa nini kiota kilisimama nusu

Kisa chenyewe kiko hivi. Jozi ya mbayuwayu ilianza kujenga kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga huku Segerea, Dar es Salaam, vuli ilipoanza kunyesha mwishoni mwa Oktoba. Wakajenga bakuli zima la matope, likakauka, likawa gumu. Kisha wakaacha. Hawakuhama. Kila asubuhi walikuwapo, wametua kwenye kamba ya kuanikia nguo, wanalia, wanaingia kwenye bakuli na kutoka, ila tope jipya hakuna. Siku zikapita, kiota kimebaki nusu.

Nyumba ya kupanga haikosi wajuzi. Mama mwenye nyumba alisema ni watoto wa chumba cha pili, wanawarushia kandambili. Kijana wa bodaboda anayekaa chumba cha uani alisema ni paka wa jirani. Fundi rangi, ambaye alikuwa amekuja kupima kazi tu, akasema ndege hawapatani na harufu ya simenti. Mimi napanga chumba cha mbele, nafundisha baiolojia sekondari, na kiota kiko juu ya mlango wangu. Nikaona afadhali nilifuatilie jambo hili sawasawa kuliko kuchagua mshukiwa kwa kura.

Ndege wenyewe ni mbayuwayu wadogo wenye milia. Kichwa rangi ya kutu, kiuno vilevile, mgongo wa bluu iliyokoza unaong'aa jua likiupiga, kifua cheupe kilichojaa mistari myeusi. Jina lao la kisayansi ni Cecropis abyssinica. Wametapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na hawaogopi kukaa na watu: utawakuta chini ya madaraja, kwenye makaravati, vibarazani. Kiota chao ni rahisi kukitambua. Ni bakuli la matope lililobanwa kwenye pembe ya juu, lenye shingo ndefu ya kuingilia, kama kibuyu kilichopasuliwa katikati kikabandikwa darini.

Nimetaja sura yake mapema kwa sababu ukimtafuta kwenye intaneti utaletewa ndege mwingine kabisa, mbayuwayu wa nyumbani wa Ulaya, Delichon urbicum. Huyo ana kiuno cheupe, anajenga nje, chini ya paa, kikombe kilichofungwa na kuachwa tundu dogo karibu na juu. Anazaa Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini, kisha baridi ya kwao ikianza anashuka huku kwetu kutafuta wadudu. Hazai Dar es Salaam. Wenzetu wanamhangaikia sana, na Uingereza mwaka 2021 walimweka kwenye orodha nyekundu ya ndege wanaotia wasiwasi, kwa hiyo maelekezo ya kumsaidia yamejaa kila mahali. Rafiki yangu mmoja alinitumia picha ya vikombe vya bandia wanavyowatundikia, akanishauri niagize. Nilikataa. Ndege wa kwetu anataka shingo, na hiyo anaijenga mwenyewe. Ukimwekea kikombe umempa nusu ya nyumba, na nusu alikuwa nayo tayari.

Wale wanaojipanga kwa mamia kwenye nyaya za umeme kuanzia Oktoba mpaka Aprili nao ni wageni, mbayuwayu wenye koo jekundu kutoka kaskazini, na hawajengi huku. Teleka, ambao watu wengi huwaita mbayuwayu pia, hawajengi kwa matope. Wanadaka manyoya na nyasi hewani na kuyagandisha kwa mate.

Turudi kwenye washukiwa. Watoto walirusha kandambili kweli, nimewaona, lakini walirusha wiki ya kwanza, na wiki hiyo ndiyo ujenzi ulikwenda mbio kuliko wiki zote. Paka wa jirani ni mkazi wa siku nyingi kuliko hata mimi. Kiota kiko kwenye pembe ambapo lenta inakutana na zege la juu. Hakuna nguzo karibu, hakuna dirisha, paka hana pa kukwea. Tena mbayuwayu akiwa na hofu ya paka hatulii kwenye kamba akajinyoosha bawa. Anapiga mbizi juu ya kichwa cha paka huku akipiga kelele, na hilo hatukuliona kipindi hicho. Simenti nayo ilijitetea yenyewe: bakuli zima lilikuwa limekaa juu yake.

Fundi hata hivyo alikuwa karibu na ukweli wa jambo jingine. Kibaraza hiki kina pande mbili. Upande wa kulia ulipakwa rangi ya mafuta zamani, ukang'aa. Upande wa kushoto mwenye nyumba aliishiwa hela, ukabaki na plasta tupu, haijapigwa hata skimu. Ukiinua macho upande wa kulia utaona alama za matope zilizochora ukuta kuelekea chini. Walianzia huko. Tope lilishika likiwa bichi, likikauka linabanduka na kuanguka, na sakafuni tulikuwa tunafagia vipande vyenye uso laini upande mmoja, uso uleule wa rangi. Wakahamia kwenye plasta ya kukwaruza, tope likakamata. Kwa hiyo rangi iliwapotezea muda. Haikuwasimamisha.

Kilichobaki ni matope yenyewe, na hapa inabidi kueleza jinsi mbayuwayu anavyojenga. Dume na jike wote wanabeba. Kila safari ni kitonge kimoja mdomoni, anakibandika kwenye ukingo wa kazi ya jana, anakisukuma kwa kidevu huku mwili wote unatetemeka, kisha anaondoka. Kazi kubwa hufanyika asubuhi. Jua likipanda wanapunguza, na safu mpya inaachwa ikauke, maana ukipandisha tope bichi juu ya tope bichi lote linashuka. Mpaka kiota kiishe ni mamia ya vitonge, na kazi huweza kuchukua wiki kadhaa. Ndege wa namna hii hahitaji tope la siku moja. Anahitaji tope la kila siku, mahali pamoja, karibu.

Sasa fikiria ardhi ya Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya mji huu umekaa juu ya mchanga. Mvua ya vuli ikinyesha alasiri, asubuhi unapita na viatu vyako vya kazi, maji yameshanywewa. Na tope la mchanga mtupu halishiki hata likiwa bichi kiasi gani, maana linakosa udongo wa mfinyanzi wa kuzibana punje. Kwa mbayuwayu, mtaa wenye mchanga ni mtaa usio na duka la vifaa vya ujenzi.

Walikuwa wanatoa wapi, basi, wiki zile mbili za mwanzo? Kijana wa bodaboda ndiye aliyejibu, bila kujua kwamba anajibu. Nilimuuliza kama amewahi kuwaona wakitua chini. Akasema, "Si pale kwenye bomba, mwalimu. Pale tulipokuwa tunapita tumenyanyua miguu." Kona ya barabara yetu palikuwa na bomba la maji lililopasuka, limetiririka miezi. Wakazi tulikuwa tumechanga pesa tukamwaga kifusi ili magari yapite, na kifusi kile kilikuja na udongo mzito wa kijivu. Maji yasiyokatika juu ya udongo wenye mfinyanzi: hapo ndipo jozi hii ilipopata machimbo yake. Kisha mafundi wa maji wakaja, wakaziba, kila mtu akafurahi. Dimbwi likakauka ndani ya siku chache. Ujenzi ulisimama wiki hiyohiyo.

Nilitaka ushahidi wa pili, kwa sababu mambo mawili kutokea wiki moja hakumaanishi moja limeleta jingine. Nilichukua chupa tatu za maji za lita moja na nusu, kazi ambayo wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaimudu. Ya kwanza nikatia udongo wa uani kwetu, ya pili udongo wa pale bombani, ya tatu vipande vya kiota vilivyodondoka sakafuni nikavisaga. Nikajaza maji, nikatikisa, nikaziacha dirishani. Chupa ya uani ilitulia haraka: mchanga chini, maji yakawa karibu meupe juu. Ya bombani na ya kiota zilitulia kwa namna moja, mchanga kidogo chini, juu yake tabaka nene laini, na maji yakabaki na ukungu wa kijivu mpaka kesho yake. Si maabara, nakubali, lakini kwa swali tulilokuwa nalo ilitosha. Mama mwenye nyumba alizitazama zile chupa muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo wananisubiri mimi bomba lipasuke tena?"

Tulifanya jambo jepesi. Kijana wa bodaboda alikuwa na safari ya Chanika, nikamwomba aniletee udongo wa kichuguu nusu kiroba. Mchwa hupandisha udongo laini wenye mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana watu wengi vijijini huupenda kwa kukandika kuta na kujengea majiko. Ule wa Chanika ulikuwa mwekundu, na wekundu huo ndio uliotusaidia baadaye. Tukauloweka kwenye beseni pana, tukaliweka chini ya ukuta, kwenye kivuli, usikauke haraka.

Hawakuja. Walilipitia juu, wakalizunguka, wakarudi kambani. Sababu ukiijua unaiona wazi: mbayuwayu ana miguu mifupi, chini hana ujanja. Akitua kuchota anataka kuona pande zote na kuruka bila kizuizi. Beseni lenye kingo za juu, lililobanwa kwenye ukuta, ni mtego machoni pake. Tukachimba shimo la kina kifupi katikati ya uwanja ambapo hapana kamba wala ndoo, tukalitandika karatasi ya nailoni, tukamwaga tope humo likalingana na ardhi. Asubuhi iliyofuata yule mwenye mkia mrefu, ambaye kwa ndege hawa huwa ni dume, alitua pembeni, mabawa yameinuliwa juu yasiguse tope, akachota, akaondoka. Jike akafuata. Kazi ya watoto wa chumba cha pili ikabadilika kutoka kurusha kandambili hadi kumwagia shimo maji asubuhi kabla ya shule. Waliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kumpa mwanafunzi.

Ukisimama mlangoni kwangu leo ukitazama kiota, utaona jambo hilo limeandikwa. Bakuli ni la kijivu. Ukingoni pake kuna mstari mwembamba wenye rangi ya hudhurungi, tope la mchanganyiko, la zile siku walizokuwa wakiokotaokota baada ya mvua. Hapo punje ni kubwa na kuna mahali pamemeguka. Kisha ghafla shingo yote ni nyekundu, kitonge kando ya kitonge, kila kimoja ukubwa wa punje ya mbaazi, mpaka kwenye mdomo. Hakuna kijivu tena hata kidogo. Yeyote anayesema walianza tena kwa sababu hofu ya paka iliisha atuambie ni nani aliyeipaka shingo rangi.

Kufikia mwanzoni mwa Desemba walikuwa wanabeba nyasi na manyoya ya kuku ndani. Kuanzia hapo hatukuweza kuona kitu. Shingo ndefu inamnyima mtazamaji kama inavyomnyima nyoka, na kuingiza waya au simu kuchungulia ni njia nzuri ya kuvunja kiota. Ilibidi kusoma mambo kutoka nje. Jike alipoanza kukaa ndani muda mrefu, akitoka kwa dakika chache tu na kurudi mbio, tukajua anaatamia; kwa aina hii kazi hiyo ni ya jike peke yake, na huchukua kama siku 14 hadi 16. Mayai kwa kawaida ni matatu, meupe yanayong'aa. Siku chache kabla ya Krismasi nikakuta kwenye ngazi nusu ganda jeupe, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani lina unyevu. Makinda yametoka. Kalenda ikaanza kuhesabika: kutoka kuanguliwa hadi kuruka ni siku 17 hadi 19 hivi.

Na kalenda ilikuwa na umuhimu, kwa sababu binti wa mama mwenye nyumba alikuwa na sendoff wiki ya tatu ya Januari, na nyumba ilikuwa ipakwe rangi yote, kibaraza kikiwa cha kwanza kwa kuwa ndiko wageni wanakoingilia. Fundi alishapokea kianzio. Hapa ndipo viota vingi vya mjini vinapoisha. Watu hawavivunji kwa chuki, wala hawana ugomvi na ndege. Wana tarehe, na ndege hajaulizwa.

Nilikwenda kwa mama jioni, nikamwamkia, nikakaa. Sikumweleza habari za uhifadhi. Nilimwomba abadilishe mpangilio: fundi aanze uani, aje na pembeni, kibaraza kiwe cha mwisho; makinda yatakuwa yameruka kabla hajafika. Akaniuliza, "Mwalimu, hawa ndege wako wananilipa kodi?" Nikamwambia wanalipa kama baadhi ya wapangaji Januari, mwezi wa ada. Akacheka, bahati yangu, maana mimi mwenyewe nilikuwa na deni. Kisha akaleta hoja yake ya kweli: uchafu. Hataki wageni wavue viatu juu ya mavi ya ndege.

Hoja hiyo ilistahili jibu, na jibu liko kwenye tabia ya makinda. Siku zao za mwanzo wazazi hubeba kinyesi nje kikiwa kwenye kifuko chake cheupe, wakaenda kukidondosha mbali. Sakafu inabaki safi kiasi kwamba mtu anasahau kuna makinda. Wakikua, wanageuka wenyewe na kutoa makalio kwenye mdomo wa shingo, na hapo ndipo sakafu inapoharibika. Maana yake uchafu ni wa siku za mwishomwisho tu. Unapoanza kulalamika, ndege wako karibu kuondoka. Nilimwonyesha mama sakafu ilivyokuwa safi siku hiyo na kumwambia itakapochafuka ajue zimebaki siku chache. Tukakubaliana pia kupigilia ubao mpana ukutani, chini ya kiota lakini mbali nacho, usiwe ngazi ya paka. Kufagia kinyesi kikiwa kikavu nilikataza. Kimwagiwe maji ya sabuni kwanza, vumbi lake si la kuvuta.

Akaniuliza kama angalau wanakula mbu. Ningeweza kusema ndiyo na kumaliza mjadala, ila si kweli kwa namna anayoitaka. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka mchana: nzi, vimbawakawa wadogo, sisimizi wenye mabawa, na kumbikumbi baada ya mvua kwa ulafi wa kutisha. Mbu wa malaria anatembea usiku, ndege amelala. Mbu wa dengue, ugonjwa uliotusumbua jijini hapa mwaka 2014 na tena 2019, anauma mchana, lakini anajificha chini, uvunguni na nyuma ya ndoo, huku mbayuwayu akiwinda juu, mahali pa wazi. Chandarua kibaki, ndoo zifunikwe. Mama akasema, "Basi hawana faida," kisha, baada ya kunyamaza kidogo, "lakini ndege akishakuja kwako kuzaa, humfukuzi." Hiyo ndiyo iliyoamua, si chupa zangu.

Fundi alikuja baada ya Mwaka Mpya, akaanza uani, akinung'unika kwamba kazi huanzia mbele.

Wakati huo kunguru walikuwa wameshagundua. Hawa kunguru wenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka, wakavuka bahari, na sasa ndio wenye mji. Kiota chenye shingo hawakiwezi, mdomo haufiki ndani na hakuna pa kusimama. Mmoja alijaribu kuning'inia, akaanguka, akajifanya alikuwa na safari nyingine. Hatari ni siku ya kutoka. Makinda waliruka asubuhi moja ya wiki ya pili ya Januari, watatu, mikia mifupi, kichwa bado hakijakolea rangi. Wawili wakafika kwenye waya. Wa tatu alitua kwenye ukuta wa jirani, chini mno. Wazazi walipiga mbizi na majirani wengine wa jamii hiyohiyo wakaja kusaidia, sijui walitokea wapi, lakini kunguru walikuwa wanne. Watoto wa chumba cha pili walikuwa shuleni. Pengine kandambili zingefaa siku hiyo.

Wawili waliobaki walirudi jioni kulala kiotani, na hili ni la kawaida kwa ndege hawa: makinda wakisharuka bado hulala nyumbani kwa siku kadhaa. Fundi alishafika kibarazani. Tukapanga apake mchana, akusanye ngazi kabla ya magharibi. Upande wa kulia akapaka, chini ya ubao akapaka. Sendoff ilifanyika na kibaraza kikiwa cheupe, kasoro pembe moja ya kushoto yenye plasta ghafi na kiota cha rangi mbili. Wageni walikipiga picha kuliko mapambo.

Ningependa kisa kiishie hapo, lakini Februari wazazi walipoanza kubeba manyoya upya kwa uzao wa pili, shomoro waliwatangulia. Kabla hujaona ndege unaona dalili: nyasi ndefu zinaning'inia kwenye mdomo wa shingo, uzi wa kiroba, kipande cha mfuko. Mbayuwayu hatandiki hivyo. Shomoro huyu wa mjini naye si mwenyeji wa asili, ana mdomo mnene na hasira, na kiota kilichokwisha jengwa kwake ni bahati. Sehemu nyingine teleka ndio wanaowapora mbayuwayu wenye milia. Jozi yetu ilihangaika siku kadhaa, ikapiga kelele, ikashindwa.

Kijana wa bodaboda alitaka tupande tukawatoe. Hoja ya kuwatoa ipo, nyasi zikiwa bado ni nyasi na mayai hayajatagwa. Nilipinga kwa sababu moja ya kiufundi: shingo ile ni tope kavu lililokaa miezi, ukivuta nyasi zilizosokotwa ndani utaondoka nayo, na kiota kisicho na shingo hakimfai hata yule unayempigania. Kumjengea mbayuwayu nafasi ya pili ni rahisi kuliko kumrudishia ya kwanza. Tulichohitaji ni pembe nyingine yenye plasta ya kukwaruza na tope masika yatakapoanza, na tope la masika halina haja ya Chanika.

Pembe hiyo haikuwapo, kwa kuwa fundi alikuwa ameshapaka. Mama mwenye nyumba alimwita arudi, akamwonyesha upande wa kulia, juu, palepale ambapo matope ya Oktoba yalikuwa yakibanduka, akamwambia akwangue rangi upana wa sinia na kupaacha hivyohivyo. Fundi aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Machi, mvua kubwa zilipoanza, vitonge vya kwanza vikaonekana kwenye kipande kile, na mara hii havikubanduka. Fundi alidai elfu kumi ya kukwangua. Mama alimkata hiyohiyo kwenye salio la rangi, kwa eneo ambalo sasa halina rangi.